Tenga la Kuku

Fundi Mhapa, seremala wa matenga ya mbao, alipolima nyanya kwa mara ya kwanza, alimwambia kila mtu pale Ilula kwamba atajaza matenga sitini. Hakuropoka. Shamba alilikodi kwa jirani yake Kihwele, na miaka mitano nyuma Kihwele alivuna humo matenga sitini kamili. Matenga sitini ni pampu ya maji. Mkewe, Sekikoti, alikuwa amechoka kupandisha ndoo mlimani, na alishatangaza kwamba kiangazi kijacho hapandishi: pampu ije, au Mhapa ajifunze kubeba ndoo.

Nyanya zilizaa vizuri. Siku ya kuvuna matenga yakajaa arobaini na manne, shamba likaisha.

Mhapa akahesabu upya. Arobaini na manne.

"Tumeibiwa," akasema.

"Mwizi gani huyo, abebe matenga kumi na sita asivunje hata mche mmoja?" akauliza Sekikoti.

"Mwizi mwangalifu."

Akaenda kwa Kihwele, akamsalimu kindugu kwa Kihehe.

"Kamwene, mnyalukolo. Mwaka ule kweli ulipata sitini?"

"Sitini. Matenga si ulinigongea wewe?"

"Na mwaka uliofuata?"

"Hamsini na sita. Halafu hamsini na mawili. Nikajua ardhi imechoka, nikatafuta mjinga wa kuikodi."

Mhapa alirudi nyumbani akamkuta Sekikoti amelitoa bandani tenga la zamani ambamo kuku alikuwa analalia mayai. Lilikuwa tenga la mwaka ule wa Kihwele. Sekikoti alilinyanyua pamoja na kuku wake, akalitumbukiza ndani ya tenga jipya. Likaingia lote. Kuku hakuinuka hata kidogo.

Sekikoti akamtazama mumewe.

Kila msimu dalali Chaula, mwenye lori, alimletea Mhapa kijiti cha kupimia pande zote za tenga. Kila msimu kijiti kilikuwa kimeongezeka nusu kidole. Mhapa aliona, hakuna seremala asiyeona nusu kidole. Lakini Chaula alisema tenga kubwa linapendeza sokoni, akamnunulia soda. Bei ilibaki ya tenga moja. Nyanya zilikuwa za watu wengine.

"Umekunywa soda ngapi?" akauliza Sekikoti.

"Tano."

"Zilikuwa za baridi?"

"Mbili."

Sekikoti akamletea msumeno.

Chaula alipofika asubuhi na lori, alimkuta fundi amemwaga nyanya kwenye nyasi, anakata mbao.

"Unafanya nini, fundi?"

"Napunguza."

"Mimi sibebi vitenga vya kuchezea watoto. Wenzako wote wana makubwa. Nikichanganya, sokoni wataniona tapeli."

"Basi yawe sawa yote," akasema Kihwele, ambaye habari za kuku zilishamfikia. Nyuma yake walisimama wakulima kumi na mmoja, kila mtu na matenga yake. "Kata na yangu, fundi. Na usinitajie bei ya kukata, nisije nikakupiga na ubao."

Mhapa hakutaja bei. Alikata siku mbili. Waliomshikia mbao hawakunyamaza.

"Angalieni, jamani, fundi anatapika soda!"

"Hiyo ni ya chungwa. Ya tatu."

Chaula alikaa kwenye lori akipigiwa simu kutoka sokoni. Mara ya kwanza alisema yuko njiani. Mara ya nane hakupokea. Kijijini seremala wa matenga alikuwa mmoja tu, na lori tupu halina faida. Siku ya tatu akapakia vitenga vya kuchezea watoto, kwa bei ileile.

Ya Mhapa yalijazwa mwisho, maana wenye nyanya walikataa katakata atangulie. Jua lilikuwa limeshazilainisha zake. Alipata matenga hamsini na moja. Zilizopondeka wakala mbuzi. Matenga hamsini na moja hayanunui pampu. Yananunua mpira wa kumwagilia, usio na kitu cha kusukuma maji ndani yake.

Kiangazi kikaja. Mhapa akabeba ndoo.

Siku moja alikuwa katikati ya mlima, shati limelowa, Chaula akasimamisha lori kando yake. Mkono mmoja ulikuwa na kijiti kipya, mwingine na soda.

"Shikamoo fundi! Unateseka hivyo kwa nini? Kunywa kwanza."

"Ya baridi?"

"Baridi kabisa."

Mhapa alitua ndoo, akanywa soda yote bila kupumzika, akamrudishia chupa. Kisha akachukua kijiti, akakipima kwa jicho. Nusu kidole zaidi, kama kawaida. Akakivunja gotini, akavitia vipande mfukoni. Mkewe alihitaji kuni.

"Kipimo kiko bandani," akasema. "Ukifika, mwombe kuku asogee."

Akajitwisha ndoo.