Suruali ya Ubatizo

Mvua zilipokatika, wenye maduka wa Kihindi pale karibu na soko la Tsoka, mjini Lilongwe, walitoa magongo yao ya kriketi na kuyafuta vumbi. Bwana Farouk akaona timu yake imepungukiwa na mtu mmoja. Akamtazama Apollinaire, fundi cherehani aliyeshonea barazani kwake, kijana wa Bukavu anayelala Dzaleka, kambi ya wakimbizi nje ya mji. Majora ya vitambaa yaliporushwa kutoka juu ya rafu, hakuna aliyeyadaka kama yeye.

"Wewe mikono unayo," alisema. "Jumamosi njoo mazoezi ya kwanza. Ukifaa, utacheza na sisi msimu mzima."

Apollinaire alicheka, akakubali. Lakini akiwa njiani kurudi kambini alianza kuwaza atavaa nini. Mchezo ule alikuwa ameuona mara moja tu, kupitia uzio: wanaume wamevaa nyeupe tupu, kichwani hadi miguuni, na kila mmoja akiitwa kwa jina lake. Yeye alikuwa na suruali moja ya kahawia yenye kiraka gotini. Mpira wenyewe mwekundu, mgumu kama jiwe, na aliuogopa. Alichoogopa zaidi ni kusimama pale katikati yao na kiraka chake, aonekane mkimbizi.

Dzaleka nzima, nguo nyeupe zilikuwa tu kwa Mama Ntirampeba, mjane wa Kirundi aliyetunza mavazi ya ubatizo ya kanisa. Alizifua kwa bluu, akazipiga pasi ya makaa, akazifungia kwenye sanduku la bati. Hazikuvaliwa ila kuingia majini.

"Mama," Apollinaire alimwambia, macho chini, "kesho kuko ubatizo Lilongwe. Baliniomba niende kubasaidia ndani ya maji."

"Iko vizuri, mwanangu." Mama akampa suruali na shati, kisha akamwekea mkono kichwani, akaombea kazi ile ya Bwana. Apollinaire akaitikia amina. Akaondoka na nguo mbiombio, asitazame nyuma.

Asubuhi alipanda matola, akasimama nyuma ya ile pickup safari nzima asije akakalia magunia. Alipofika uwanjani, akawatazama wachezaji. Hakuna hata mmoja aliyevaa nyeupe! Wote walikuwa na kaptula kuukuu na fulana zilizotoboka. Nyeupe ilikuwa ya siku ya mechi, na hilo hakuna aliyemwambia.

"Ee, mchungaji amefika!" mmoja akapaza sauti. "Mchungaji, leo mazoezi tu, harusi bado!"

Wakacheka, naye akacheka nao, uso ukimwaka. Wakampanga pembeni. Mpira wa kwanza ukaja chini chini, wa kumfanya mtu ajitupe. Mikono yake ilitaka kuudaka. Akalikumbuka sanduku la bati, akabaki wima, mpira ukapita.

"Mbona hukujitupa?" Farouk aliuliza.

Apollinaire akarudi mahali pake. Wa pili ukapita vilevile. Wa tatu ulimjia mwilini moja kwa moja, ukamponyoka na kumpiga pajani. Pale ulipopiga palibaki alama nyekundu ya rangi yake kwenye suruali nyeupe, upana wa kiganja.

"Wiki ijayo uje na nguo za kuchafua," Farouk alimwambia wakiondoka, kwa upole, na upole huo ukamchoma kuliko kicheko.

Kambini aliisugua ile suruali kwa sabuni hadi vidole vikachubuka. Wekundu ukapungua, ukatanuka. Akaikunja, doa likiwa ndani.

Mama Ntirampeba aliipokea, akaitazama.

"Mi sikunji hivi," alisema, akaikunjua. Akapitisha kidole juu ya doa. "Lilongwe banabatiza ndani ya rangi?"

"Mama, mi..."

"Nyamaza. Kesho kuko ubatizo wa hapa, wa kweli. Ule binti Akeza na benzake bataingia majini, na suruali hii siwezi kumupa mutu mwingine avae uongo wako. Ni we utaivaa, usaidie mchungaji ndani ya maji."

Kesho yake kanisa zima lilisimama ukingoni mwa kijito likiimba. Apollinaire akashuka haraka kuelekea majini. Hakufika mbali.

"Kaka Apo, iko damu?" Charlène wa kwaya alimuuliza kwa sauti. "Uliumia?"

"Hapana. Ni mupira."

"Mupira gani wa kutoa damu?" Kwaya ikacheka.

Maji yakamfika kiunoni, yakalifunika doa. Alimpokea Akeza kwa mikono miwili, akamzamisha pamoja na mchungaji, akamwinua, na hakumponyoka. Akawapokea wengine mpaka wakaisha. Mchungaji akatoka. Watu wakaanza kupanda njia ya kambini, nyimbo zikienda mbali, na yeye bado yumo majini, midomo imekauka kwa baridi.

Mama Ntirampeba peke yake ndiye aliyebaki ukingoni, ameshika kitenge kikavu.

"Toka, mwanangu," alisema. "Batu banakungojea kula."

"Bataniona na hii doa, Mama."

"Ndiyo, bataona."

Akatoka.