Mshenga wa Farasi Mia Nne

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa barazani kwangu, Mombo, nimevaa kanzu na kofia, nangojea watu wa posa. Binti yangu Hidaya ameshaolewa zamani na hakuna mwingine. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba chini ya kanzu nilikuwa na viatu vya gereji.

Nadhani najua kwa nini niliota hivyo, maana nililala na swali. Gari letu nimeliongezea nguvu mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kufungua na kufunga na kufungua tena, hadi injini ikafika nguvu za farasi mia nne. Nilianza siku mama mmoja alipojifungulia kando ya barabara ya Lushoto kwa sababu gari lilipanda polepole. Mke wangu Mwanaidi ni mkunga wa zahanati huko juu, na gari analiendesha yeye. Niliapa kwamba jambo lile halitatokea tena kwa sababu ya gari langu.

Basi farasi wakapatikana, ila klachi ya zamani, ile inayounganisha injini na giaboksi, ikashindwa kuwashika. Ukikanyaga mafuta mlimani, injini inanguruma, gari linabaki palepale, na harufu ya kuungua inaingia hadi kwenye nguo. Muuza spea wa Dar alitaka nimjibu asubuhi: klachi ipi? Nilipomuuliza Mwanaidi, alisema, "Wewe chagua, mimi nitaendesha," akaendelea kukunja kanga.

Sasa, ndotoni, wanaingia. Farasi mia nne, wote ndugu wa injini. Wanavua viatu vyao vya chuma mlangoni, kila mmoja vinne, kwa hiyo inabidi kungoja. Wanaketi mkekani. Mkubwa wao, mwenye mvi shingoni, anaanza kwa salamu za heri na kuuliza hali ya mvua. Kisha anasema wamekuja kumposea ndugu yao injini binti yangu, Giaboksi.

Giaboksi alikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Nikaona ni haki. Mimi ndiye niliyemlea.

"Mshenga wenu ni nani?" nikauliza.

Farasi wote wakatazama chini. Kutoka kwenye kona akainuka pleti mmoja mwembamba, ameisha hadi anang'aa. Ni klachi yetu ya zamani. Akasema hawezi tena kusimama kati ya nyumba hizi mbili. Upande wa mume umekuwa na watu wengi mno, wanapovuta yeye huteleza, na aibu humpata kila mtu. Sikumlaumu. Nikamwambia amefanya kazi yake, akakae kivulini.

"Tunataka mshenga mpya," nikawaambia farasi. "Anayeshika akiambiwa ashike, na kuachia akiambiwa aachie. Bila huyo, hapa haposwi mtu."

Nilipoinua macho, baraza lilikuwa limehamia mlimani, kwenye kona kali kabla ya Soni. Mkeka ulikuwa umetandazwa juu ya lami. Magari yalipita pembeni kwa adabu.

Akaja wa kwanza kujaribu. Alikuwa pleti mpana, kifua cha chuma, mwenye mabapa sita ya shaba badala ya uso. Akanipa mkono, na mkono wangu haukurudi.

"Unaweza kuniachia," nikasema.

"Mimi sijui nusu," akajibu. "Nimeshika, au sijashika."

Farasi wakamfunga kamba, wakavuta wote mia nne. Hakuteleza hata kidogo. Mlima ndio uliosogea. Vikombe vya kahawa viliruka na kuvunjika, lakini nilijiambia vikombe vinanunulika. Nilimkagua mbele na nyuma, nikamgonga kwa kucha, nikamsikiliza. Mwishowe nikatamka kwamba anafaa, na farasi wakapiga makofi, jambo ambalo kwa kwato si dogo.

Ndipo pazia, ambalo lilikuwa limening'inia hewani bila nyumba, likatikisika. Sauti ya Giaboksi ikatoka, taratibu.

"Baba, mshenga umemkagua. Na anayemtuma umemuuliza?"

Nikasema anayemtuma ni bwana harusi, kama kawaida ya posa. Farasi wa mvi akakohoa. Akaninong'oneza kwamba kwao injini haijawahi kumtuma klachi popote. Klachi hutumwa na mguu wa kushoto wa dereva.

Nilipata haya. Nimehudhuria posa nyingi, na sijawahi kumsahau anayemtuma mshenga.

Nikaenda jikoni. Jiko lilikuwa palepale, baada ya kona. Mguu wa kushoto wa Mwanaidi ulikuwa umekaa peke yake juu ya kibao cha mbuzi, umefunikwa kanga, goti juu. Hilo ndilo goti aliloumia alipoanguka kwenye matope akimkimbilia mzazi. Nikalisalimu, nikasema hatujaonana siku nyingi.

"Siku nyingi?" Goti likasema. "Tunalala kitanda kimoja, Baba Hidaya."

Nikakaa chini. Likanieleza, bila ugomvi, kwamba kila kona ya mlima ule ni lenyewe linalokwenda chini na kupanda, na kila lori la kabichi likisimama mbele ni lenyewe linalobaki chini, limebana pumzi. Nikasema sikujua. Mwanaidi hajasema.

"Akuambie nini? Akisema goti, utapunguza farasi. Ukipunguza farasi, akina mama watazalia njiani. Kwa hiyo anapaka mafuta na kunyamaza."

"Nifanye nini?"

"Nichukue ukapime mwenyewe. Lako niachie hapa, rehani."

Goti likatoka kama kifuniko cha birika. Nikafungua langu, nikaliweka juu ya kibao, nikafunga la mke wangu mahali pake. Lilikuwa dogo kidogo lakini lilikaa.

Nipo ndani ya gari. Mabapa Sita yuko kazini. Nakanyaga pedali, na ni kama kusukuma gunia la saruji kwa kisigino, kuelekea juu. Maumivu yanapanda kutoka gotini, yanapita nyonga na bega, yanakaa kwenye jino. Lori la kabichi linasimama mbele. Nashikilia pedali. Jino linaanza kuimba. Lori linasogea, naachia kidogo, na Mabapa Sita, ambaye hajui nusu, anashika chote. Gari linaruka kama mbuzi.

Kwenye kiti cha nyuma kuna mama mwenye mimba kubwa. Hakuwepo, sasa yupo.

"Shemeji," anasema kwa upole, "mimi ni mjamzito, si gunia la kabichi."

Nikashuka. Nikamshukuru Mabapa Sita, nikamwambia sina ubaya naye, yuko mahali ambapo atafaa, lakini si mahali hapa. Akanipa mkono wa kwaheri. Ilichukua muda.

Wakaja pleti wengine wawili, wembamba, wamefanana, wameshikana mabega. Walikuwa wakizozana.

"Sisi ni—"

"—mshenga."

Farasi wa mvi akainuka. Akasema posa haina washenga wawili, kwao haijapata kuonekana, na tena hawa wana kelele.

"Tukikaa bure tunagombana," mmoja akakiri.

"Tukibanwa tunanyamaza," akamalizia mwenzake. "Farasi mia mbili juu yangu, mia mbili juu yake. Kwa hiyo anayetubana hana haja ya kutumia nguvu nyingi."

Sikuwaamini, wala sikuwakataa. Nikapanda nao garini, na goti la mke wangu.

Nakanyaga. Pedali inakwenda chini kama mlango wa nyumba ya mtu anayekupenda. Goti linaguna, halilii. Lori linasimama, nashikilia. Lori linasogea, naachia. Wawili wale wanashika robo, wanashika nusu, wanashika chote. Nawaita farasi wavute. Wanavuta mia nne hadi mishipa inawatoka. Hakitelezi kitu. Gari linapanda, na kwenye kioo namwona mama mjamzito amelala, mdomo wazi.

Nikarudi mkekani nikatangaza. Farasi wakagoma. Wakasema bora posa ivunjike kuliko kuchekwa na koo nyingine. Farasi mia nne wakisimama mbele yako kwa hasira, jua halionekani.

"Basi vaeni viatu mrudi," nikasema. "Binti yangu haondoki hapa bila hawa wawili. Mkitaka nipungukiwe na farasi, nitapungukiwa leo. Goti sipunguzi."

Mkubwa wao akatafuna pembe ya mkeka, akafikiri.

"Na kelele zao?"

"Nitazizoea mimi."

Akakubali. Lakini washenga wenyewe wakaweka sharti: wapewe fungate. Wasivutwe kwa nguvu hadi wazoeane na nyuso za chuma watakazokutana nazo. Farasi watembee, wasikimbie. Hilo liliwauma farasi kuliko yote, ila posa ni posa. Wakajipanga, wakaondoka kuelekea Lushoto kwa ncha za kwato, kama watu wanaopita karibu na mtoto aliyelala.

Nikageuka kwenda jikoni kurudisha goti. Jiko halikuwepo.

Nikaamka. Kumekucha, na Mwanaidi hayupo kitandani. Nikashusha mguu wa kushoto, na goti langu likalia, na maumivu yakapanda hadi kwenye jino.

Nikashika ukuta hadi uani. Mwanaidi alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anapepea, visigino chini kama msichana. Tangu aanguke hajawahi kuchuchumaa. Akanitazama.

"Unachechemea nini, Baba Hidaya?"

Nikamwambia nimelala vibaya. Akainuka bila kushika kitu, akatazama goti lake, akatazama langu, kisha akamimina chai.

Nikampigia simu mtu wa Dar nikiwa nimesimama kwa mguu wa kulia. Nikasema nataka ile ya pleti mbili. Kwa uaminifu, akanionya kwamba hizo zina kelele gari likiwa limesimama.

"Najua," nikamwambia. "Nimewasikia."