Kasoro Zote za Perpetua

Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini aliyesema hivyo hakuwahi kuwauliza kitu watu wanaoishi kwenye mashua za mferejini. Thelma Bickerton aliwauliza kwa wiki sita, na mwisho wa wiki ya sita alijua habari za vyoo kuliko daktari wa matumbo. Aliwakuta kule Middlewich, wamekaa juu ya mapaa ya mashua zao na vikombe vya chai, akawaambia anatafuta mashua iliyotumika, ya kuishi, je, aangalie nini? Kila mmoja alishusha kikombe na kuanza na choo. Wako wa choo cha tangi, wako wa choo cha kubebwa kama sanduku la safari, na wako wa choo cha maranda, ambao ni wachache ila imani yao ni kali na hawaoleani na wengine. Wote walitaka aingie aone. Aliona vyoo kumi na tisa. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na yeye chombo chenyewe alikuwa hajakipata.

Hakuwa na nafasi ya kufanya mchezo. Miaka thelathini na miwili alipeleka barua kwa miguu mjini Northwich. Mumewe alipokufa nyumba ikawa kubwa na kimya, akaiuza upesi kabla akili haijamrudia. Sasa alilala kwa dada yake, katika chumba alichogawana na baiskeli ya mazoezi, na dada yake alikuwa mtu wa kuhesabu vijiko baada ya chakula. Fedha alizobaki nazo zilitosha mashua moja tu. Akinunua kopo lililotoboka, ataishi na ile baiskeli mpaka azikwe.

Mwishowe alimwendea Clive, mwenzake wa posta, ambaye aliwahi kuishi majini miaka sita na kuzamisha mashua moja, kwa hiyo alikuwa mtaalamu. Clive peke yake hakutaja choo. Alimwambia kwamba muuzaji ni mwongo mpaka ithibitike vinginevyo. Injini aiguse hata kabla ya kusalimiana. Ikiwa na joto, ajue wameiwasha mapema ili isiwatie aibu mbele ya mgeni. Afunue ubao wa sakafu kule nyuma, karibu na injini, atie mkono chini kabisa. Pakiwa na maji, aondoke. Pakiwa na rangi mbichi, aondoke mbio. Na akisikia manukato ndani, basi kuna kitu kinaoza.

"Na chai yake usinywe, dada," Clive alisema. "Ukishakunywa chai ya mtu huwezi kumwambia mashua yake takataka. Sisi ndivyo tulivyoumbwa."

Mashua aliyokwenda kuiona iliitwa Perpetua. Ilikuwa ndefu na nyembamba kama zote za mferejini, kiasi kwamba watu wawili wanene wakikutana ndani, mmoja lazima arudi nyuma. Ilikuwa imetangazwa miezi minane, kwa bei ya haki, na haikupata mtu. Ilifungwa karibu na daraja, na juu ya daraja lilisimama gari dogo la kijani ambamo mama mmoja alikaa peke yake, kidevu kimezama kwenye skafu. Mwenye mashua, Norris Heathcote, mzee wa miaka sabini na minane, alichungulia mlangoni kama mtu aliyegongewa na polisi.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hii ya Norris haikuachwa ijiuze wala haikutembezwa. Ilitukanwa. Kabla Thelma hajatia miguu yote miwili ndani, alikwisha kuambiwa kwamba bati la chini limeliwa na kutu mpaka usiku unasikia samaki wakikohoa, kwamba madirisha yanavuja hata kukiwa na jua, na kwamba jiko la makaa lilikaribia kumwua yeye na mkewe Krismasi mbili mfululizo. Chai hakupewa. Injini aliigusa, ikawa baridi kama pua ya mbwa. Norris akazungusha ufunguo mara tatu, ikakohoa, ikanyamaza, naye akaitazama kwa namna ya mtu aliyeridhika. Jikoni palinuka samaki wa moshi na kitu kingine kilichomshinda samaki. Choo, kile cha kubebwa, kilikuwa katikati ya njia, kifuniko wazi.

"Huwa kinafurika," Norris alimwambia. "Hasa wakija wageni."

Kisha akafunua ubao wa nyuma mwenyewe, bila kuombwa. Chini palikuwa na maji, kimo cha kiganja. Akasema inavuja kama chujio, na kwamba yeye angekuwa bibi wa umri ule angechukua fedha zake akanunue nyumba nzuri yenye msingi.

Thelma alishukuru, akashuka. Iliuma, asikuambie mtu. Aliipenda mashua ile tangu mlangoni. Kulikuwa na kitanda chini ya dirisha la duara na rafu ndogo pembeni yake, na Mungu amsamehe, kichwani mwake alikwisha kuipanga miwani yake juu ya rafu hiyo. Alitembea hatua kama ishirini kwenye njia ya kando ya maji akijiandaa kurudi kwa baiskeli.

Hatua ya ishirini na moja akasimama. Muuzaji huficha, Clive alisema. Huyu alikuwa ametandaza kila kitu kama nguo za mtumba, mpaka choo kawekewa njiani asije akakosa kukiona. Halafu kulikuwa na shaba. Kila bomba na kila kitasa cha shaba mle ndani kiling'aa, na kamba zilikunjwa kwa duara safi. Nani anapiga shaba msasa kwenye jeneza? Na jambo lingine likamjia, akajiona mjinga. Clive alimwambia atie mkono, naye alikuwa ametazama tu.

Akarudi. Hakupiga hodi. Alipiga magoti mbele ya Norris aliyeduwaa, akazamisha mkono wake mpaka chini. Ilikuwa Machi, majani ya kandoni bado yalikuwa na barafu, na maji yale yalikuwa vuguvugu. Akanusa vidole. Limau, ya sabuni. Kwenye kidole cha kati palikuwa pamenata kitu kidogo cha kijani. Miaka arobaini ya ndoa alikuwa ameosha vyombo mara tatu kwa siku, na kuhusu maji ya aina ile hapakuwa na mtu wa kumpa ushauri.

"Mzee," alisema, "mfereji wako una njegere."

Norris akaiangalia njegere. "Za porini hizo. Zinaota ukingoni."

"Imepikwa. Tena imetiwa chumvi."

Mzee akakaa juu ya sanduku la kamba. Hakuwa na pa kukimbilia. Mashua nyembamba haina kona. Alisema bila kumtazama kwamba ameishi humo miaka arobaini na mmoja, yeye na mkewe Enid, yule aliye kwenye gari. Nyonga ya Enid imekwisha, ngazi haziwezi tena. Wamepata nyumba Sandbach, ya chini, yenye bafu la kuogea mtu amejilaza. Amemwahidi mkewe ataiuza mashua, na yeye si mtu wa kuvunja ahadi.

"Mzee, umewafukuza wanunuzi wangapi?"

"Saba. Niliahidi nitaiuza. Sikuahidi nitaisifu."

Thelma alimkasirikia, tena sana. Alifikiria yule mama, miezi minane anapandishwa garini akiwa na nyonga mbovu ili aje kutazama mumewe akimdanganya. Akamwambia hivyo hivyo, bila kupunguza. Akamwambia pia kwamba mashua anaichukua, ila atamleta fundi wa kuipima bati, maana neno lake yeye Norris haliamini hata akisema leo ni Jumanne.

Norris akainuka. Alinyoosha mkono nyuma ya injini, akafungua koki ya dizeli aliyokuwa ameifunga, na injini ikashika kwa mguso wa kwanza, taratibu, bila moshi. Juu darajani kioo cha gari kikashuka.

"Umemkamata?" Enid aliuliza, sauti ya mtu aliyezoea kusemeshana na ng'ambo ya maji.

"Kwa njegere, mama."

"Yule mnunuzi aliyetoka Crewe aliwekewa maji ya supu mle chini. Nimejua tangu wa kwanza, mwanangu. Nikasema nimwache achoke mwenyewe. Nimechoka mimi." Kioo kikapanda.

Norris alikuwa ameinamisha kichwa. Aliposema, alisema chini chini, injini karibu immeze.

"Wewe umeishi kwenye nyumba maisha yako yote. Nipe ushauri. Mtu anafanya nini mle ndani? Ukiamka kesho yake iko pale pale."

Bustani, redio, majirani wa kuwasengenya. Yalimjia Thelma yote, na yote alikuwa ameyajaribu.

"Sijui, mzee," akasema. "Mimi ilinishinda nikaikimbia. Lakini mimi nilikuwa peke yangu humo."

Norris akainua uso, akalitazama lile gari. Kisha akazima injini, akaweka ufunguo mkononi mwa Thelma, mkono ukiwa bado umelowa, akapanda taratibu mpaka darajani kumwambia mkewe kwamba mashua imeuzwa. Enid alimwacha asimame nje kwenye baridi dakika nzima, ndipo akamfungulia mlango.