Themostati ya Mama Akyaa

Jumatatu saa nne asubuhi gari la Mama Akyaa lilichemka karibu na soko la Kejetia, likiwa na sufuria mbili za waakye nyuma. Wali huo wa kunde ukipoa haununuliki, na wateja wake, makarani wa benki, hula saa sita kamili.

Lilipovutwa hadi Suame, mtaa wa magereji, Fundi Barimah alishika bomba la juu la rejeta, akaunguza vidole. La chini lilikuwa baridi. "Themostati imekwama," akasema, na hapo hakukosea. Akaichomoa, akaitumbukiza kwenye chungu cha jirani muuza kenkey, madonge ya mahindi ya kuchemsha. Maji yalitokota, lakini kile kimlango chake, kinachozuia maji injini ikiwa baridi na kuyapitisha ikipata moto, kiligoma kabisa kufunguka.

Mama Akyaa akampa mpya, aliyoitafuta maduka matano.

"Ya nini?" Fundi akacheka. "Mama, hiki ni kidude cha nchi za baridi. Hapa Kumasi injini inataka kupepewa tu." Akafunga bomba bila kuiweka, kama anavyofanya kwa magari yote.

Gari halikuchemka tena. Jumanne lilikohoa. Jumatano theluji ikaanza kuanguka, ndani ya gari tu, polepole, ikafunika sufuria. Mama Akyaa alifika benki amejitanda kitambaa kizito cha msibani kwa baridi, akawachongea watu waakye kwa patasi.

"Mama, leo tunatafuna mawe?" karani mmoja akauliza. Wote wakahamia kwa Hajia, muuza chakula wa ng'ambo ya barabara. Ilimuuma, jamani. Mapishi yale aliachiwa na marehemu mama yake.

Akarudi gereji. Boneti ilipofunguliwa, theluji ilimwagika ikamfunika Fundi vifundo vya miguu. Fundi akavaa sweta, akachukua beleshi.

"Nifungie themostati yangu, Barimah! Si ulisema ni ya nchi za baridi? Haya, tazama miguu yako!"

Fundi akatazama miguu yake. "Hapa ni Kumasi, Mama," akasema kwa upole, meno yakigongana. "Kwani injini inachemka?"

"Haichemki."

"Basi!"

Siku hizi Mama Akyaa anauza maji baridi ya theluji ile pale benki. Yanaisha haraka, na makarani wanamsifu. Sufuria za mama yake amezifudikiza jikoni, na themostati anatembea nayo mkobani.

Ijumaa moja alipita Suame kuomba tena afungiwe. Theluji ilikuwa imefika magotini gereji nzima. Barimah, amevaa glavu na kofia ya sufu, alikuwa ameinamia gari la daktari mmoja.

"Hii naitoa, daktari," alikuwa akisema. "Ni ya nchi za baridi."