Akala za Gharibu

Mwaka ule wa tisini na moja mji wa Kismayo ulikuwa kama kitambaa kinachovutwa na mbwa wawili. Kundi hili likiingia, lile linatoka. Lile likirudi, hili linachoma. Mbajuni, mvuvi wa pwani ile na visiwa vyake, hakuwa na kundi wala bunduki, kwa hiyo kila aliyeingia mjini alianzia kwake. Walichukua mashine za mashua, wakachukua nyavu, mwisho wakachukua mashua zenyewe. Waliowahi walikuwa wamekwisha kuondoka zamani kwenda Mombasa. Uthman aliwatanguliza watoto wake pamoja nao, lakini mwenyewe hakuwahi, na sababu ya kutowahi ilikuwa imelala ukumbini mwake juu ya kitanda cha kamba: mama mkwe wake, Bi Twahira.

Bi Twahira alivunjika nyonga huko kwao Chovai. Wenye bunduki walikivamia kisiwa, watu wakakimbilia majini, na bibi huyu mwenye mvi kichwa kizima akaruka kuingia mashuani kama msichana. Mashua ikampokea vibaya. Akaletwa Kismayo kwa mwanawe Mwanasiti, mke wa Uthman, na tangu siku hiyo hakusimama tena. Sasa bandarini palikuwa pamebaki hori mbili tatu, mitumbwi myembamba ya kuvulia, na ndani ya hori mtu hawezi kulala kanyooka. Pangekuwa na njia, ingekuwa ya nchi kavu, kusini mpaka mpakani, na chombo kilikuwa kimoja tu: Landrova kuukuu la Gharibu.

Gharibu alikuwa mtoto wa kiume wa Bi Twahira, yaani shemeji yake Uthman. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa chama cha wavuvi, akibeba barafu kwenda gatini na kurudi na nguru. Chama kilipokufa, gari lilibaki naye. Alilificha nyuma ya ukuta na kulifunika makuti, na waporaji wakapita wakidhani ni banda la kuku. Mashine yake ilikuwa nzima. Lakini maji ya chumvi yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye samaki yalikuwa yamelila gari lile kwa chini, taratibu, kama mchwa.

Walilijaribu asubuhi moja. Wakaingiza kitanda nyuma, na Bi Twahira juu yake, Gharibu akaendesha polepole. Hawakufika kona ya msikiti. Kila jiwe dogo bodi iliruka na kurudi kuipiga chasisi, chuma kwa chuma, ngo! ngo! Bi Twahira hakupiga kelele. Aliuma leso yake, macho yakapinduka, akazimia. Wakamrudisha ndani.

Alipozinduka alisema, "Niacheni. Ng'ombe akivunjika guu malishoni hurejea zizini. Mimi nimekwisha kurejea. Nyinyi nendeni."

"Mama, zizi lenyewe linaungua," Uthman alisema.

"Basi nitaungua nalo. Mkinipakia tena kwenye kile kinu, mtakwenda kuzika, hamtakwenda kukimbia."

Mwanasiti alitoka uani akalia. Uthman alimwacha alie. Hakuwa mtu wa maneno ya kubembeleza. Shule aliiacha mapema, akashika tezo ya kuchongea mbao, na tezo haibembelezi. Alichukua jamvi, akalitandika chini ya gari, akaingia chali.

Alikuwa fundi wa vyombo, si fundi wa magari, lakini chombo ni chombo, alijiambia. Na alichokiona alikielewa. Chasisi ilikuwa kama mkuku, ule uti wa mgongo wa jahazi. Kutoka kwake vilitoka vishikio vya chuma, kama mikono iliyonyooshwa, na bodi ilikaa juu ya mikono hiyo. Katikati ya mkono na bodi palitakiwa pawe na raba nene, na bolti kupita humo. Vishikio vya mbele vilikuwa vizima. Viwili vya nyuma vilikuwa vimepasuka; ufa uliingia kidole. Raba zake zilikuwa zimebaki unga.

"Ndiyo maana," alisema kutoka chini. "Bodi yako haijakaa. Imeegeshwa."

"Nilijua iko hivyo," Gharibu alijibu. "Kuna fundi wa kuchomelea alikuwa anavichomelea vishikio hivyo."

"Yuko wapi?"

"Alipanda boti ya kwanza. Na mtungi wake wa gesi wameuchukua wale vijana. Wanadhani ni bomu."

Uthman alicheka humo chini mpaka kutu ikamwingia kinywani. Alipotoka, macho yake yalikuwa mbele ya miguu ya Gharibu, na miguu hiyo ilivaa akala, vile viatu vya tairi vya wachunga ngamia, vyeusi, vizito, vimekakamaa kwa miaka.

"Nawe utavua lini hizi? Mbajuni mzima unatembea kama umepotewa na ngamia."

"Ngamia wangu ndiye huyu unayemchungulia tumbo," Gharibu alisema. "Na akala hizi, shemeji, zitakuzika wewe."

Ufukweni palikuwa na jahazi la Uthman ambalo halijafungwa mbao za juu. Alikuwa amelijenga kidogo kidogo tangu kabla ya vita, na kila aliyelipita alisema litakuwa zuri. Siku ile alikwenda na msumeno, akasimama kidogo, kisha akakata mataruma mawili, zile mbavu za jahazi, za mti wa mbambakofi uliopinda wenyewe porini. Hakumwambia mtu. Alizichonga kwa tezo mpaka kila moja ikakaa chini ya kishikio kilichopasuka kama mkono unaoshika kiwiko. Akazitoboa kwa keke, akapitisha bolti, akakaza, halafu akazizungushia kamba ya kumbi iliyolowa ili ikikauka ikaze zaidi. Ufa haukuwa na pa kwenda tena.

Zikabaki raba. Alikata vipande vinne kwenye tairi bovu, vya chini viwili na vya juu viwili. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo fundi gari yeyote angemshika mkono. Alileta debe la sifa, yale mafuta ya ini la papa, akavitumbukiza.

"Unafanya nini?" Gharibu aliuliza, ameziba pua.

"Nazitia sifa."

"Shemeji, hili ni gari."

"Umewahi kuona chombo kikiingia majini bila sifa? Mbao isiyonywa sifa hupasuka. Pamba ya kalafati, ya kuzibia mbao, isiyonywa sifa huoza. Hata raba hizi ni ngumu, zimekauka. Acha zinywe."

"Raba hainywi!"

"Kila kitu kinakunywa, wewe mtu. Hujui tu kiu yake."

Gharibu alimwacha na debe lake. Alikuwa na kazi yake, kutafuta petroli, na petroli Kismayo wakati huo ilitafutwa kama dawa. Alirudi na madumu baada ya siku kadhaa. Raba zilikuwa zimo debeni muda wote huo, na Uthman alipozitoa alizibonyeza kwa kidole gumba akatabasamu. Zilikuwa zimevimba, laini, zinameremeta.

"Zimenona," alisema.

Akazifunga. Wakamjaribisha tena Bi Twahira mpaka msikitini, wakapita kona, wakazunguka. Bodi ilikaa kimya kama paka. Bi Twahira alifumbua jicho moja, akasema, "Mbona leo hakitwangi?" Mwanasiti alitaka kupiga vigelegele, akakumbuka vita, akajiziba mdomo.

Waliondoka baada ya sala ya alfajiri: Gharibu usukanini, Mwanasiti nyuma akimshikilia mama yake, Uthman kakaa kwenye ukingo wa nyuma na vifaa vyake miguuni. Njia ilikuwa mchanga, kisha mawe, kisha vichaka vya miiba, kisha mchanga tena. Nyuma yao waliusikia mzinga ukilia, kisha ukalia tena. Hakuna aliyegeuka. Saa za mwanzo Bi Twahira alilala hata akakoroma, na Uthman alimtazama akikoroma kama fundi anayekitazama chombo chake kikielea.

Jua lilipopanda, joto likapanda nalo. Karibu na adhuhuri Uthman alihisi bodi ikiyumba upande wa kulia, kidogo, kama mtu aliyekanyaga pasipo imara. Halafu ikasikika sauti aliyoijua. Ngo. Akajidai hakuisikia. Ngo! Mwanasiti akamtazama. Jiwe lililofuata likaitupa bodi yote, ikarudi kwa kishindo, na safari hii Bi Twahira alilia. Alilia kama mtoto, bila haya, na Gharibu akakanyaga breki.

Uthman aliingia chini ya gari. Mataruma yalikuwa mahali pake, hayajacheza hata unywele. Bolti zilikuwepo. Lakini raba zile zilizonona zilikuwa zimegeuka kama ini bichi. Zilikamuliwa zikatoka pembeni, zikaning'inia vipande vipande, na mafuta yakatiririka juu ya kamba zake za kumbi. Aliichukua moja, akaifinya, ikapita katikati ya vidole.

Alikaa humo chini muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Mbao hunywa sifa ikaishi. Raba ilikuwa imekunywa ikafa. Naye aliiona ikifa ndani ya debe, akasema inanona.

Alipotoka, Gharibu alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Ni mimi," Uthman alisema. "Ni ile sifa."

Alingoja kutukanwa. Shemeji ana haki ya kutukana hata pasipo na kosa, seuze palipo na kosa. Gharibu alifungua kinywa, akamsikia mama yake akilia nyuma, akakifunga.

"Tukienda polepole?"

"Hata kwa mwendo wa kobe. Sikia mwenyewe."

Bi Twahira aliwaita. Sauti yake ilikuwa imetulia, na utulivu ule uliwatisha kuliko kilio. "Nilazeni pale chini ya mgunga. Mniachie maji na tasbihi. Mwanasiti, usinitazame hivyo. Mna watoto wenu Mombasa wanaongoja baba na mama, hawangoji bibi."

"Mama, usiseme," Mwanasiti alisema.

"Nisiseme nini? Mmejaribu. Mungu ameona."

Gharibu aligeuka, akapiga teke gurudumu kwa hasira. Uthman aliuona mguu ule ukipiga. Akauona kiatu. Akakiangalia kama hajawahi kukiona maishani.

"Shemeji," alisema. "Vua akala."

"Nini?"

"Akala zako. Vua."

Gharibu alimtazama, halafu akatazama chini, halafu akamtazama tena. "Hizi za mchunga ngamia?"

"Hizo hizo."

"Zinazonitia aibu Mbajuni mzima?"

"Gharibu, nitakuomba radhi mpaka Mombasa, na Mombasa nitaanza upya. Vua."

Alizivua. Uthman alizipindua, akazigonga kwa nyundo, zikairudisha nyundo juu. Ilikuwa raba iliyokanyaga mawe miaka na miaka, kavu, yenye nyuzi ndani, haijawahi kuonja tone la mafuta. Alikata kila moja vipande viwili: kisigino kwa chini, kwenye uzito, na unyayo kwa juu. Alichukua tezo akachonga uso wa mataruma pale palipolowa sifa, akachonga, akachonga, mpaka akafika penye mbao kavu. Mwanasiti alishuka na leso na sabuni ya unga akasugua vyuma, akasugua bolti, akazimwagia mchanga na kuzisugua tena, na machozi yake yakidondoka humo humo. Gharibu aliinua bodi kwa jeki, akirukaruka mguu huu na ule kwa moto wa mchanga.

"Usiache hata tone," Uthman alimwambia mkewe.

"Neno hilo ningekuambia mimi wewe, siku ile ya debe," Mwanasiti alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu gari lisimame, na alikuwa na haki nalo.

Walipoishusha bodi, ilikaa. Haikukaa kimya kama mara ya kwanza. Ilinung'unika, ilitoa mlio wa kiatu kipya. Lakini haikupiga. Gharibu aliingia usukanini miguu mitupu, na kanyagio la chuma lililokuwa juani likamchoma, akasema neno ambalo mama yake alilisikia.

"Gharibu!"

"Samahani, mama."

"Ukipenda kutukana, endesha huku ukitukana. Nitasamehe."

Akaendesha. Mawe yalikuja, na kila jiwe Uthman alikaza meno akingoja ile ngo. Haikuja. Mara moja bodi ilizama kwenye shimo, Bi Twahira akashika ukingo wa kitanda, ikainuka taratibu, akapumua. Baada ya hapo Uthman aliacha kuyahesabu mawe.

Mpakani askari wa Kenya walisema gari lisilo na karatasi halipiti. Hakuna aliyebishana. Walikiteremsha kitanda, wenyeji wawili wa Kiunga, kijiji cha ng'ambo ya mpaka, wakajitolea kukishika upande wa kichwani, Uthman na Gharibu wakashika miguuni. Gharibu alipiga hatua chache kwenye mchanga, akaanza kuchechemea. Uthman akasema wasimame kidogo. Akavua makubadhi yake ya ngozi, aliyoyanunua kwa sikukuu ya Idi, akayasukuma kwa mguu mpaka mbele ya shemeji yake. Yalikuwa madogo, visigino vya Gharibu vilibaki nje vikining'inia.

"Na akala zangu?"

"Zinashika gari. Ukitaka, rudi ukazichomoe."

"Zingekuzika kweli, nilikuambia."

"Zimekataa," Uthman alisema. "Mtu wa kuzikwa hakupatikana."

Juu ya kitanda Bi Twahira alikuwa amefumba macho, tasbihi ikipita vidoleni. Uthman aliinama.

"Mama, tumefika. Hili zizi unalionaje?"

Bi Twahira alivuta pumzi, akakunja pua.

"Ng'ombe gani atakaa zizi linalonuka sifa hivi?" alisema. "Tafuta maji, mwanangu. Ukaoge kwanza, ndipo uje unisemeshe."