Nyekundu Isionekane

Kwenye maziko ya kaka yangu Lavelle, askari aliyeuawa vitani, pale Alabama, mheshimiwa mmoja mwenye suti mpya alishika kipaza sauti, akatufasiria maana ya bendera iliyofunika jeneza kila ilipokunjwa. Mkunjo huu wa uhai, huu wa akina mama.

Mama akaninong'oneza, "Huyu vita kaviona kwenye televisheni, anatafuna bisi."

Askari walikunja mpaka ikabaki pembetatu ya buluu yenye nyota. Ncha ya mstari mwekundu ikachungulia. Sajenti akaisukuma ndani kwa kidole, kisha akampa Mama bendera.

"Mbona umeificha, mwanangu?"

"Ndiyo utaratibu, mama. Nyekundu haitakiwi kuonekana."

"Najua," Mama akasema. "Hata jeneza mlinikataza kulifungua."