Anatomia Iliyopitwa na Muda

Katika wiki ya kwanza ya Desemba, Noreen Halasz alikabidhiwa mrija wa kioo wenye majimaji yaliyochafuka kama maji ya kuoshea mchele, akatakiwa ataje kiumbe kilichokuwamo. Huo ndio mtihani wa mwisho wa somo la vijidudu: kila mwanafunzi hupewa kijidudu asichokijua, naye huwa na majuma mawili ya kukipaka rangi, kukiotesha katika visahani, kukinyima hewa na kukitesa kwa sukari za aina kwa aina, mpaka kikiri jina lake. Noreen alikipata chake siku ya tisa. Mwalimu, ambaye alikuwa bahili wa sifa, aliandika pembeni mwa ripoti neno moja, "Safi", na chini yake alama A.

Hilo lilikuwa somo la saba kati ya saba. Chuo cha wilaya cha Garrity, kaskazini mwa Ohio, hakimpokei mtu katika shule yake ya uuguzi kabla hajamaliza masomo saba ya awali, na Noreen alikuwa ameyasoma moja moja, kwa miaka saba. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne. Alifanya kazi ya usaidizi katika nyumba ya wazee, mara nyingi zamu mbili kwa siku. Mwaka mmoja mama yake aliteleza kwenye barafu ya barazani akavunjika nyonga. Mwaka mwingine somo la vijidudu lilifutwa kwa kukosa mwalimu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema lolote kuhusu kibaba chenye tundu. Pengine enzi zao vibaba viliundwa vizuri zaidi.

"Enhe, Daktari," alisema Odessa siku ile matokeo yalipotoka, wakiwa wanatandika kitanda cha Bwana Ostrander. Odessa alikuwa amefanya kazi ile miaka ishirini na sita, na hakuwa na nia ya kusomea chochote. "Wadudu wako wamekuonea huruma?"

"Wamenipa A."

"A! Haya, vuta shuka upande wako, mwenye A. Ukishavaa zile nguo za buluu za wauguzi, ukaanza kunituma-tuma, 'Odessa leta hiki, Odessa peleka kile,' nakumwagia beseni. Nakwambia mapema, usije ukasema sikukuonya."

"Nitakutuma kwa adabu."

"Utanituma kama wenzio wote. Adabu huishia getini."

Noreen hakuubishia utabiri huo. Nguo za buluu hakuzitaka kwa ajili ya kumtuma mtu. Katika nyumba ile, msaidizi huona na muuguzi huandika. Na kisichoandikwa hakikutokea. Miaka minane nyuma, mzee mmoja aliyeitwa Lindqvist alianza kuchanganyikiwa tangu asubuhi, ngozi yake ikiwa na joto na mkojo wake mweusi. Noreen alimwambia muuguzi wa zamu mara tatu. Jioni muuguzi aliandika kwamba mgonjwa amebadilika ghafla. Lindqvist alikufa kabla gari la wagonjwa halijafika hospitali, na neno "ghafla" limo ndani ya faili lake hadi leo. Majira ya vuli yaliyofuata, Noreen alijiandikisha somo la kwanza.

Januari, siku ya kwanza ya kupokea maombi, alikwenda kwa mshauri wa masomo akiwa na bahasha iliyopangwa kwa mpangilio uliotakiwa. Mshauri, Bwana Pruitt, alikuwa kijana mpole mwenye sweta, na upole wake ndio ulioyafanya mambo yawe mabaya zaidi, kwa kuwa mtu hapati pa kuelekeza hasira.

"Bi. Noreen, hizi alama ni nzuri mno. Mwaka huu sijaona nyingine kama hizi." Alisogeza kidole juu ya kiwambo cha kompyuta, kikasimama. "Anatomia ya Kwanza ulimaliza lini?"

"Mei. Najua ile sheria, kwamba somo la sayansi likizidi miaka mitano halikubaliwi. Nimehesabu. Ina miaka minne na miezi minane."

"Leo, ndiyo."

"Basi si leo ndiyo naomba?"

"Hatuhesabu mpaka siku ya kuomba. Tunahesabu mpaka siku ya kwanza ya darasa la uuguzi. Agosti." Akajikohoza. "Agosti itakuwa na miaka mitano na miezi mitatu."

Ieleweke kwamba Noreen hakuwa mzembe. Pale chuoni kila kitu kingine, yaani chanjo, anwani, cheti cha huduma ya kwanza, hupimwa kwa siku ya kuomba, na wasaidizi wote aliowahi kuwauliza walikuwa wamehesabu kama yeye. Somo la sayansi tu ndilo lililopimwa kwa siku ya kuanza, katika mstari mmoja chini ya jedwali. Kwenye jokofu lake nyumbani kulikuwa na kalenda yenye duara jekundu kuzunguka mwezi wa Mei, na kwa miaka minne na ushei alikuwa akiikimbilia tarehe isiyohusika.

"Miezi mitatu," alisema.

"Naelewa."

"Mifupa haijabadilika, Bwana Pruitt. Niulize." Noreen akanyoosha mkono wake wa kushoto juu ya meza na kuitaja mifupa minane ya kifundo cha mkono, mmoja baada ya mwingine, kuanzia upande wa kidole gumba, akiugusa kila mmoja. Kisha akaivuka, akaitaja misuli iliyo juu yake. Mwanamke aliyekuwa akisubiri mlangoni na bahasha yake aliacha kutafuna ubani.

"Sina shaka unaijua," alisema Pruitt kwa sauti ya chini. "Ila mfumo hauna mahali pa kuandika kwamba unaijua. Una mahali pa kuandika tarehe tu."

"Nirudie, basi. Ngapi?"

Akamgeuzia kiwambo. Angeirudia Anatomia ya Kwanza. Lakini wakati huo Anatomia ya Pili nayo ingekuwa imepitwa na muda. Akiirudia hiyo, Kemia ingekuwa inakaribia kumaliza muda wake.

"Miaka mitatu," alisema Pruitt. "Kama nafasi zitapatikana. Kwa sababu anayerudia somo alilokwisha kufaulu huwekwa nyuma ya wote ambao bado hawajalifaulu. Hapo una namba thelathini na nane."

"Na wanaofanikiwa hufanyaje?"

"Huyachukua yote kwa mwaka mmoja."

"Wakiwa wanafanya kazi saa ngapi?"

Pruitt alilitazama sweta lake. "Wengi huwa hawafanyi kazi."

Alimsaidia kuandika rufaa. Kamati ilikaa Machi, na jibu lake lilikuwa na sentensi mbili, ya kwanza ikimshukuru.

Odessa aliposikia, alikaa kwenye ukingo wa kitanda kisicho na mtu, jambo lililokatazwa.

"Somo linaisha muda? Kama maziwa?"

"Kama maziwa."

"Sasa yule daktari wa hapa mwenye miaka sabini, yeye kasoma juzi?"

"Yeye ana cheti. Cheti hakiishi muda. Kinachoisha ni masomo ya mtu ambaye bado hana cheti."

Noreen alimngojea atoe mzaha, maana Odessa hakuwahi kukosa mzaha hata mazishini. "Shoga," alisema Odessa, "njoo tumgeuze Bi. Pfaff, atapata vidonda." Wakaenda kumgeuza.

Mguu wa kushoto wa Bi. Pfaff ulikuwa umevimba kuliko wa kulia, na shavu la mguu huo lilikuwa na joto. Noreen aliupima kwa utepe, kisha akamfuata muuguzi wa zamu. Muuguzi huyo aliitwa Kaylin. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na alikuwa amekaa kiti cha jirani na Noreen katika Anatomia ya Kwanza.

"Mguu wa Bi. Pfaff. Tofauti ni sentimita tatu. Naona kama damu imeganda."

"Asante, mama. Nitaangalia." Kaylin alikuwa mtu mwema, aliangalia, akapiga simu, na Bi. Pfaff akapelekwa hospitali akiwa hai. Baadaye alimfuata Noreen kwenye chumba cha mashuka. "Unajua daftari lako la mifupa bado ninalo? Lile ulilonipa ninakili. Bila lile ningefeli, nakuapia."

"Kaa nalo."

"Na wewe unaanza lini? Si ulikuwa umebakiza moja tu?"

"Moja," alisema Noreen. Hakutaja ni lipi.

Katika faili kuliandikwa kwamba muuguzi aligundua uvimbe saa nne na dakika kumi. Kaylin hakuwa na nia mbaya. Fomu ina kisanduku kimoja tu cha jina.

Ujumbe wa chuo ulifika Agosti, siku moja kabla ya muhula kufunguliwa. Thelathini na saba waliomtangulia kwenye orodha walikuwa wamepata viti, au wamekata tamaa, au wamehama mji, na sasa palikuwa na kiti kimoja cha Anatomia ya Kwanza, Jumatano alasiri. Alitakiwa ajibu ndani ya saa ishirini na nne. Noreen aliusoma akiwa amelala chali sakafuni, kwa sababu tangu mwezi wa sita mgongo wake haukukubali kitu kingine baada ya zamu. Alipiga hesabu. Ikiwa hakuna darasa litakalofutwa, ikiwa mama yake hatateleza tena, na ikiwa mgongo utaendelea kunyanyua watu, angeanza shule ya uuguzi akiwa na miaka arobaini na saba. Hakuweza kukumbuka miaka mitatu mfululizo ya maisha yake ambayo masharti hayo yote yalitimia. Akajibu ndiyo. Hakujibu kwa matumaini. Ni kwamba kukataa kungemlazimu aamue nini cha kufanya Jumatano.

Mwalimu alikuwa mpya, kijana mchangamfu, na aliamini katika kuanza kwa vitendo. Aliwataka wanafunzi wote ishirini na wanne wasimame katika mkao unaotumiwa kuupimia mwili: wima, miguu pamoja, macho mbele, mikono imening'inia ubavuni, viganja vimeelekea mbele. Wengi walikosea viganja. Noreen hakukosea.

Kando yake alisimama msichana wa miaka kumi na minane hivi, akamtazama, akageuza viganja vyake ili vifanane na vya Noreen.

"Mama, ushawahi kusoma hili?" alinong'ona.

"Ndiyo."

"Ukafeli?"

"Nilifaulu."

Msichana alicheka kidogo, kwa heshima, kama mtu aliyetupiwa utani asiouelewa. Mwalimu alikuwa bado anapita kati ya safu akirekebisha mikono ya watu, na alikuwa amesema mtu asiondoke katika mkao mpaka atakapofika kwake.